Fundi Anajibu: Unauliza biti ngapi, mi nakuuliza unapima nini

Mwezi huu barua zimekuja kama zimeitana. Karibu zote zinauliza ninunue ADC gani, na karibu zote zimeshajijibu zenyewe, yenye biti nyingi. Kwa ambaye ndo anaingia darasani leo, ADC ni chipu inayogeuza volti kuwa namba, unaipa volti mguuni yenyewe inakupa namba ambayo mikrokontrola yako, ile kompyuta ndogo ya chipu moja kama ESP32 au Arduino, inaweza kuifanyia hesabu. Ya biti 8 inagawa kipimo chake hatua 256, ya biti 10 hatua 1,024, biti 12 hatua 4,096, biti 16 hatua 65,536, na hizo za biti 24 zinazowatoa udenda ni hatua zaidi ya milioni 16. Haya tuzisome, nimezifupisha na namba za simu nimezitoa.

SWALI (Kihonda, Morogoro): Habari za kazi fundi. Nina sola nyumbani, paneli moja betri moja ya volti 12, nikafunga ESP32 iwe inanitumia volti za betri kwenye simu nikiwa kazini. Nimetumia ile moduli ndogo ya kupima volti 0 mpaka 25. Asubuhi haipishani sana na mita yangu ila mchana jua likiwa kali betri inachaji, mita inasema 14.2 simu inasema karibu 15, na waifai ikiwaka namba ndo zinacheza zaidi. Jamaa yangu kaniambia ADC ya ESP32 ni takataka nitafute ya biti 24. Niagize ipi?

JIBU: Usiagize kitu bado, hela ikae mfukoni. Jamaa yako hajakosea sana, ADC ya ndani ya ESP32 si kitu cha kujivunia, lakini tatizo lako si biti. Hiyo ADC ina biti 12 tayari, na wewe unataka kujua betri ina 12.0 au 12.7, hapo hatua mia zinakutosha na unazo elfu nne.

Angalia kinachotokea. Ile moduli ndani yake ni rezista mbili tu, kilo-omu 30 na kilo-omu 7.5, inagawa volti kwa 5. Ilitengenezwa kwa ajili ya Arduino ya volti 5, ndo maana ikaitwa ya 25, tano mara tano. ESP32 ni ya volti 3.3, na hata hizo 3.3 haizisomi zote vizuri, ukiiweka kwenye kipimo chake kikubwa inaaminika kati ya milivolti 150 na milivolti 2,450 hivi, ukivuka hapo mstari unapinda. Sasa zidisha 2.45 kwa 5 unapata 12.25. Umeona? Betri ikivuka 12.25 tu umeshaingia eneo ambalo chipu inabahatisha, na betri inayochaji inashinda huko huko juu mchana kutwa. Asubuhi imeshuka iko karibu na hapo ndo maana mnaelewana na mita.

Badilisha mgawanyo. Weka kilo-omu 100 juu na kilo-omu 15 chini, inagawa kwa 7.67, volti 14.4 zinakuwa 1.88, hata ikitokea zimefika 18 bado uko 2.35 na mstari haujapinda. Rezista chukua za asilimia 1, zile za mistari mitano, manake za asilimia 5 zikikuangukia vibaya, moja imezidi nyingine imepungua, kwenye volti 12 zinaweza kukudanganya karibu volti nzima, na hapo hata ufunge ADC ya bei ya pikipiki itakusomea uongo huo huo kwa desimali nyingi zaidi. Halafu kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kwenye pini kwenda graundi, iwe jirani kabisa na pini, sio kule kwenye betri. Hii watu wanaidharau sana. Kila ADC inaposoma inafyonza chaji kidogo kutoka kwenye pini, sasa rezista zako ni kubwa haziwezi kuirudisha haraka, kapasita inakuwa kama jaba la maji, chipu inachota hapo mara moja halafu bomba linalochuruzika linajaza taratibu.

Kuhusu waifai, ESP32 ya kawaida ina ADC mbili ndani na ile ya pili inagombania na waifai, kwa hiyo kaa kwenye pini za GPIO 32 mpaka 39 tu, ukikuta waya wako uko GPIO 25 au 27 ndo umeshajua. Na kwenye programu achana na ile ya kuzidisha kwa 3.3 na kugawa kwa 4095 ambayo kila mtu anaikopi, tumia amri ya analogReadMilliVolts, hiyo inazingatia marekebisho yaliyochomwa kiwandani ndani ya chipu yako wewe, kwa sababu refarensi ya ndani, ile volti ambayo ADC inajilinganishia, inatakiwa iwe milivolti 1,100 lakini chipu moja na nyingine zinatofautiana, inaweza kuwa popote kati ya 1,000 na 1,200. Soma mara 64 chukua wastani. Mwisho linganisha na mita, pata namba moja ya kurekebishia, iingize kwenye programu. Rezista mbili na kapasita moja, nauli ya daladala itakuwa imezidi.

Ukifanya yote hujaridhika ndo uchukue ADC ya nje, ADS1115. Ni ya biti 16, ina refarensi yake ndani, waya mbili za I2C, ile njia ya chipu kuongea na chipu, basi. Kwenye kipimo cha volti 2.048 kila hatua ni mikrovolti 62.5, ukizirudisha kwenye betri kupitia ule mgawanyo ni kama nusu ya milivolti. Kwa betri ya sola huko ni kupima gunia la mkaa kwa mizani ya sonara, lakini namba zinatulia na mstari haupindi, kwa hilo naipenda. Ya biti 24 sahau.

SWALI (Kirumba, Mwanza): Shikamoo fundi. Mama anauza dagaa hapa mwaloni, nimemtengenezea mizani kwa HX711, ile ADC ya mizani, na lodi selo, kile chuma kinachohisi uzito, ya kilo 20. HX711 wanasema ni biti 24 lakini gramu zinacheza, tano juu tano chini, na ikifika saa nane mchana mizani ikiwa tupu inasoma gramu 30. Nimeona mtandaoni kuna ADC za biti 32, nihamie huko?

JIBU: Marahaba mwanangu, mama ana bahati. Ila hizo za biti 32 zitakufilisi na gramu zitaendelea kucheza vile vile, subiri nikuoneshe kwa hesabu.

Lodi selo nyingi za bei ya chini zinatoa milivolti 1 kwa kila volti unayoilisha zikibeba mzigo wote, ukilisha volti 5 ina maana kilo 20 nzima ni milivolti 5. Kilo zote hizo ndani ya milivolti 5! HX711 ikiwa kwenye ukuzaji wa mara 128 na inasoma mara 10 kwa sekunde, makelele yake yenyewe ni kama nanovolti 50. Gawa milivolti 5 kwa nanovolti 50 unapata laki moja, na gramu 20,000 ukizigawa kwa laki moja ni sehemu mbili ya kumi za gramu. Yaani chipu unayoitukana inaona chini ya gramu moja. Biti 24 zinatoka kweli, ila zile za chini ni makelele matupu, ukizitupa unabaki na 19 na kitu, na kwa dagaa 19 ni nyingi mno. Gramu tano zako zinatoka kwingine.

Kuna kipimo kimoja cha kujua. Acha ile nyekundu na nyeusi zinazolisha selo zilivyo, chukua waya mbili za ishara, mara nyingi ni kijani na nyeupe, zigusanishe pale kwenye bodi. Namba zikiendelea kuruka tatizo ni umeme, zikitulia tuli tatizo ni chuma. Kwenye umeme kuna chaja ya simu ya bei poa iliyojaa makelele, kuna waya mrefu wa selo umepita jirani na antena ya waifai, na kuna baadhi ya zile bodi za kijani za HX711 ambazo mguu wa E-, ule wa hasi unaolisha selo, haujaunganishwa na graundi ya bodi, piga mita uone, kama haipo weka kipande cha waya.

Ila mi nakuwekea dau ni chuma. Wengi wanaifunga ile selo lapa kwenye ubao, inalala yote juu ya mbao halafu wanashangaa. Ile selo inapima kwa kupinda, mwisho mmoja unafungwa kwenye kitako na mwisho wa pili unafungwa kwenye sahani, na katikati lazima ielee, weka washa mbili tatu kila upande ili ubao usiiguse. Na mshale uliochorwa uelekee mzigo unakoshukia.

Gramu 30 za saa nane ni jua. Chuma kinapata joto, gundi inapata joto, sifuri inahama, ADC haihusiki hapo kabisa. Funika kwa kivuli na weka kitufe cha kurudisha sifuri, mama akibonye kabla ya kila mteja. Usitumie pakiti ya sukari kuisahihishia, sukari ya dukani haijawahi kula kiapo, tafuta jiwe la mizani lenye muhuri. Na ioneshe kwa hatua ya gramu 10, mnunuzi akiona gramu zinacheza anadhani anaibiwa hata kama haibiwi. Halafu kitu cha mwisho na hiki si cha elektroniki: mizani ya kuuzia watu lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, ya kujitengenezea mama aitumie kujihakikishia mzigo wake kabla hajafika kwa mnunuzi.

SWALI (Likoni, Mombasa): Salaam aleikum sheikh. Nimeagiza ADS1115 mbili, moja nimenunua kwa duka la kwetu moja imekuja kwa meli na mzigo wa rafiki. Zote zaonekana sawa, programu ni ile ile, kipimo nimeweka cha 4.096. Moja yasoma fresh, ya pili yaruka, 1.250, 1.252, 1.254, katikati hakuna kitu. Nimebadilisha waya mpaka nimechoka. Shida ni nini?

JIBU: Waaleikum salaam. Waya ziache ami, umeuziwa chipu nyingine.

ADS1115 ina mdogo wake anaitwa ADS1015, umbo moja, miguu ile ile, anwani ile ile ya I2C inayoanzia 0x48, programu ya mkubwa inaenda kwa mdogo bila kulalamika hata kidogo. Tofauti ni kwamba mdogo ana biti 12. Kwenye kipimo cha 4.096 hatua ya mkubwa ni mikrovolti 125, hatua ya mdogo ni milivolti 2 kamili, na wewe mwenyewe umeniandikia 1.250, 1.252, 1.254, umejijibu bila kujua.

Ili uwe na ushahidi mkononi chapisha zile namba mbichi kabla hujazizidisha na kitu. Mdogo anaweka biti zake 12 upande wa juu, biti nne za chini anaziacha sifuri siku zote, kwa hiyo kila namba itagawanyika kwa 16 bila baki, mia zote utakazosoma. Mkubwa halisi hawezi kukufanyia hivo, mkia wake unacheza. Cha pili mwambie asome kwa kasi ya chini kabisa, mkubwa ni mara 8 kwa sekunde, kila usomaji unakula milisekunde 125, mdogo akipewa amri hiyo hiyo yeye kwake ni mara 128, anarudi kabla hujapepesa. Mwenye duka akikataa muoneshe hiyo, sio lazima awe yeye ndo mwizi, naye kauziwa.

Kabla hujamrudishia jiulize lakini kama unaihitaji hiyo 1.251. Kama ni ya kupima maji kwenye tangi, milivolti 2 sio tatizo lako, kaa nayo udai punguzo. Na usidanganyike na kipimo chake cha 6.144, hakimaanishi unaweza kuingiza volti 6, mguu hautakiwi kuzidi umeme unaoilisha chipu kwa zaidi ya 0.3, ukiilisha 3.3 mwisho wako ni 3.6, ukizidisha hapo unaichoma.

SWALI (Mwanafunzi, Mbeya): Shikamoo mwalimu. Projekti yangu ni kupima joto la chumba kwa kihisi cha LM35. Chuo wametupa ADC0804, mwenzangu ana Raspberry Pi na anatumia ADC ya MCP3008 anatucheka. Joto langu linaruka nyuzi mbili mbili, 24, 26, 28. Nibadilishe?

JIBU: Marahaba. Mwache acheke, wewe kwenye kujieleza mbele ya wakufunzi utakuwa na cha kusema kuliko yeye.

ADC0804 ni ya zamani, biti 8, na inafanya kazi kama muuza duka wa mizani ya mawe. Anaweka jiwe kubwa, likizidi analitoa, lisipozidi analiacha, anaweka la nusu yake, kisha robo, mpaka jiwe la nane, mwisho anahesabu mawe yaliyobaki kwenye sahani na hiyo ndo namba. Karibu mikrosekunde 100 kazi imeisha. Uzuri wake unayaona yote kwa macho, unaishtua mguu wa WR ianze, unasubiri mguu wa INTR ushuke kukuambia imemaliza, unasoma waya nane. MCP3008 inafanya mambo yale yale ila yamefichwa ndani ya SPI, njia nyingine ya chipu kuongea kwa waya chache.

Nyuzi mbili mbili zinatoka hapa: volti 5 ukizigawa kwa 256 ni milivolti 19.5 kwa hatua, na LM35 inatoa milivolti 10 kwa nyuzi moja, kwa hiyo hatua moja ni karibu nyuzi mbili. Hujakosea kufunga. Ila kuna mguu wa tisa, Vref/2, najua umeuacha wazi kwa sababu kwenye mchoro waliokupa umeachwa wazi. Upe volti 1.28 kutoka kwenye potenshiomita, au vizuri zaidi kutoka kwenye TL431, chipu ya refarensi, yenye kigawanyo ili isicheze, sasa kipimo chote kinakuwa mara mbili yake, 2.56, kila hatua milivolti 10, nyuzi moja moja, na namba inayotoka ndo joto lenyewe hata hesabu hufanyi. Biti ni zile zile nane. Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikaa naishika LM35 kwa vidole kama mtoto, 27, 28, 29, naachia inashuka.

Mwenzako mwambie kitu kimoja tu, kama MCP3008 yake anailisha volti 5 ailishe 3.3 leo hii, manake mguu unaorudisha data utapeleka volti 5 kwenye Pi na Pi haizitaki.

SWALI (Bububu, Zanzibar): Fundi, nataka kujua friji la dukani linakula umeme kiasi gani. Nina ile klampu ya kupimia mkondo, SCT-013 ya ampea 100, nimeipeleka kwenye ADS1115 nikachagua kasi ya 8 kwa sekunde ili isome kwa utulivu. Friji likiwaka likizima inasoma 1.65, inacheza kidogo sana. Klampu imekufa?

JIBU: Klampu ni nzima. Umeiambia chipu isione umeme na imekutii.

ADS1115 haipimi kwa mawe kama ile ya kijana wa Mbeya, yenyewe inakinga. Ni kama umetega ndoo chini ya bati mvua inanyesha, baada ya muda unaangalia kimo cha maji, huwezi kujua tone gani lilikuwa kubwa. Kwa kasi ya 8 inakinga milisekunde 125 nzima. Umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya ndoo moja mawimbi sita na kidogo yameingia, nusu yanaongeza nusu yanapunguza, yanafutana, kinachobaki ni zile 1.65 ulizoweka za katikati. Kwa mtu wa betri au mizani hiyo ni neema, makelele ya umeme wa ukutani yanafutika bure. Kwako wewe hayo makelele ndo mali yenyewe.

Ukiipandisha mpaka mwisho, 860, unapata sampuli 17 kwa kila wimbi, mkondo wa friji peke yake utaupata kwa kubahatisha. Lakini ukitaka wati za kweli unahitaji volti na mkondo kwa pamoja, na ndani ya ADS1115 kuna kipimaji kimoja kinachozunguka milango minne, ukifika kwenye mkondo volti zimeshaondoka. Na taa za LED na chaja za simu zinakula umeme kwa kudokoa kwenye ncha ya wimbi tu, sampuli 17 zinaruka ncha hizo kama vile rimu ya gari kwenye video inavyoonekana inarudi nyuma.

Hapa ndo utaona biti chache zinawashinda nyingi. MCP3208 ni biti 12 lakini ikilishwa volti 5 inafika sampuli laki moja kwa sekunde, hata Arduino Uno ya biti 10 inasoma kama mara elfu 9 kwa sekunde na watu wamepimia nyumba zao kwa hiyo. Ukitumia chipu ya 3.3 weka rezista ya omu 22 sambamba na klampu, kwa volti 5 weka 33, hapo ncha ya wimbi la ampea 100 inaingia ndani ya kipimo. Friji lako lakini halifiki hata ampea 2 likishatulia, unatumia kona ndogo sana ya klampu, zungusha ule waya wa laini mara tano ndani ya klampu halafu gawa jibu kwa tano, umejipatia biti mbili na kidogo za bure, bora kuliko utakazonunua popote. Waya mmoja tu lakini, laini, ukipitisha na nyutro pamoja unasoma sifuri. Na umeme uwe umezimwa kwenye swichi kuu wakati unafungua waya, sitanii.

Mi ningekuwa wewe ningenunua moduli ya kupimia umeme, PZEM-004T, nikalala. Ndani ina chipu iliyotengenezwa kwa kazi ya mita za umeme, inakupa volti, ampea, wati na yuniti tayari kupitia waya mbili za serial.

SWALI (Tabata, Dar es Salaam): Fundi mi sina mambo ya ADC, niko na mita yangu tu ya njano ya kawaida. Tangu juzi ukutani inasoma 268, nimenunua stebilaiza nayo inatoa 266, nataka niirudishe dukani wananizungusha. Nina haki?

JIBU: ADC unayo mkuu, umeishika. Ndani ya hizo mita za bei ya chini kuna chipu ya ukoo wa ICL7106, mara nyingi imemwagiwa lami nyeusi, inahesabu mpaka 1999 ndo maana skrini inaanza na 1 au inaacha wazi. Ni ya pole pole makusudi, inakinga ishara milisekunde 100 ambazo ni mawimbi matano kamili ya umeme wa 50, halafu inahesabu muda wa kuimwaga, mara mbili na nusu hivi kwa sekunde.

Sasa kila ADC inalinganisha na kitu, na kitu hicho kwenye mita yako kinatoka kwenye betri ya volti 9 kupitia refarensi ndogo ya ndani ya chipu. Betri ikichoka sana refarensi inashuka nayo, fimbo ya kupimia imekuwa fupi, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kirefu. Ukutani 268, stebilaiza 266, na ukipima betri mpya ya saa ya ukutani nadhani itakuambia ina 1.8, jaribu. Wengine skrini inawaonesha alama ya betri, wengine alama hiyo haipo kabisa.

Nunua betri ya volti 9 kwanza upime tena, kabla hujaenda kugombana na mtu wa stebilaiza.